Jazi ya Siku Arobaini

Mke wa mwanangu alijifungua Jumatatu alfajiri, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeshamfungia chumbani. Sikumfungia kwa kufuli, nilimfungia kwa desturi. Kwetu Wasomali mwanamke aliyezaa hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, hapigwi na upepo, hapiki, hafui. Anakula, ananyonyesha, analala. Asubuhi na jioni chumba chake kinafukizwa uunsi, udi wetu wa kupikwa na sukari, mpaka moshi unaingia kwenye nywele, mapazia na godoro. Siku ya arobaini anatoka, anapelekwa kutembea nyumba nyingine, mara nyingi kwa mama yake, halafu anarudi kwake. Mimi nilikaa arobaini mara saba na sikufa.

Yeye si Msomali. Ni Mwislamu wa Mumias, mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa, na walikutana na mwanangu hapa hapa mjini. Mwanangu anaendesha lori la mizigo. Leo yuko Modogashe, kesho Isiolo, keshokutwa simu haipatikani. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mtoto wa kike aliyekuwa akilia kama mwanambuzi. Kisomali cha msichana huyu kilikuwa cha kununulia nyanya. Kiswahili changu nilikiokota sokoni nikiuza maziwa ya ngamia, na baadaye nikakaa miaka miwili kwenye darasa la ngumbaru nikajifunza kukiandika. Hicho ndicho tulichokuwa nacho kati yetu, na mimi nilikitumia zaidi kutoa amri.

"Kunywa supu."

"Nimekunywa, Mama."

"Kunywa tena."

Anakunywa. Hakuwahi kunijibu vibaya hata siku moja. Hilo lilinitia wasiwasi, maana mimi nimezoea watu wanaosema.

Lazima niseme kwa nini nilikuwa na wasiwasi, la sivyo nitaonekana mama mkwe mbaya wa bure. Mwanangu wa kwanza alioa Takaba, mji wa mbali huko kaskazini. Mke wake alikaa arobaini kwangu, siku ya arobaini akachukua mtoto akaenda kwao kutembea, na kule kutembea hakujaisha mpaka leo. Mtoto yule nimemwona mara moja. Alikuwa na miaka minne, akajificha nyuma ya shuka ya mama yake, akauliza huyu mgeni ni nani. Mgeni nilikuwa mimi. Nilikunywa chai yao, nikarudi Garissa, sikumsimulia mtu. Kwa hiyo huyu wa pili alipozaa nilihesabu siku kwa namna nyingine. Kila siku iliyopita ilikuwa inanisogeza karibu na ile siku ya arobaini.

Na kwao ni Mumias. Mumias si jirani. Ni kutwa nzima mpaka Nairobi na kubadilisha basi, halafu kutwa nyingine. Mtu akishafika huko, nani atamrudisha?

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili nikaanza kumwona na nyaya masikioni. Nikiingia na chetezo namkuta amelala ubavu, mtoto yuko kwenye titi, nyaya zimeingia masikioni, macho ameyafumba. Mara midomo inatikisika. Mara anatabasamu. Siku moja nikamkuta machozi yanateremka mpaka kwenye mto, na bado anatabasamu. Nikisogea anazitoa haraka, anaficha simu chini ya foronya.

Jirani yangu huja kila asubuhi kuangalia mtoto. Ni mwanamke wa umri wangu, tumejuana tangu tukiwa wasichana, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Nilimweleza jikoni.

"Abaayo, huyo anaongea na mama yake," akasema. Abaayo ndivyo tunavyoitana, dada. "Anamwambia, mama, hapa nimefungwa, natiwa moshi kama samaki."

"Hasemi. Anasikiliza."

"Basi mama ndiye anayesema. Hiyo mbaya zaidi. Wako wa Takaba hakuanza hivyo hivyo?"

"Wa Takaba hakuwa na simu."

"Na bado alikwenda. Huyu ana simu, atakwenda mara mbili."

Nilimwambia anywe chai yake. Lakini maneno yaliingia.

Siku ya kumi na mbili niliichukua simu. Nilisema kile ambacho mama yangu angesema: mzazi yuko wazi, masikio yake yako wazi, kichwa chake hakitakiwi kelele, akipata homa ya kichwa ndani ya arobaini itamfuata mpaka uzeeni. Nikanyoosha mkono.  Akaichomoa chini ya foronya akaniwekea kiganjani, pamoja na nyaya zake, amezikunja vizuri.

"Sawa, Mama," akasema.

Nimetukanwa sokoni na wanaume wenye fimbo. Hakuna tusi lililonikaa kama ile sawa.

Mume wake akipiga simu nilimpa aongee, kisha naichukua. Nikaiweka kwenye kabati langu chini ya mashuka. Siku ya kwanza hakula mchana. Siku ya pili alikula nusu. Siku ya tatu mtoto alianza kulia baada ya kunyonya, na mimi nimelea, najua kilio cha tumbo na kilio cha njaa. Maziwa yalikuwa yanapungua. Nikachemsha supu ya mbuzi, nikaongeza samli, nikampa maziwa ya ngamia ya asubuhi ile ile. Alikunywa yote kwa utiifu na maziwa hayakurudi.

Jioni ya siku hiyo akaniuliza, bila kuniangalia, "Mama, arobaini inaisha tarehe ngapi?"

Nikamwambia.

"Siku hiyo nitakwenda kwa mama. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi."

"Nitamaliza likizo yangu huko. Kabla shule haijafunguliwa nitajua la kufanya."

Nitajua la kufanya. Mwalimu akisema hivyo katika mji huu kila mtu anaelewa. Walimu wa kutoka bara wanaomba uhamisho kila muhula. Nilichukua bilauri yake nikatoka. Nilisimama jikoni na ile bilauri muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha bilauri.

Mimi si mtu wa kuzunguka. Kesho yake baada ya adhuhuri nilitoa simu kabatini, nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kigoda mbele ya kitanda.

"Hii simu ina nini?"

"Muziki, Mama."

"Muziki gani wa kumliza mtu?"

"Jazi."

"Jazi naijua. Zamani kila bendi ya redioni ilijiita jazi. Gitaa, na mwanamume analalamika ameachwa na mchumba."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne. "Sio hiyo, Mama. Hii ni nyingine."

"Toa nyaya. Nisikie kwa masikio yangu. Kama ni upuuzi nitaujua."

Akaiweka simu juu ya kitanda, akabonyeza. Nitasema kweli: mwanzoni ulikuwa upuuzi. Ilikuwa kama kambi inayohama asubuhi, huyu anavunja nyumba, huyu anafunga ngamia, huyu anaita mtoto, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tarumbeta ikapayuka. Nikataka kusema imetosha. Kisha, katikati kabisa, wimbo haujaisha, watu wakapiga makofi.

"Wanamfukuza?" nikauliza. "Mbona wanampigia makofi hajamaliza?"

"Amemaliza zamu yake, Mama. Sasa anaingia mwingine. Kila mtu ana zamu. Anachukua ule wimbo anausema kivyake, halafu anampisha mwenzake."

"Zamu."

"Ndiyo."

"Rudisha mwanzo."

Neno zamu ndilo lililonikalisha. Mimi nilikulia visimani. Baba yangu alikuwa na ngamia upande wa Wajir, na kule maji hayako juu. Visima ni virefu, vimechimbwa kwa mkono, na maji yanapandishwa na wanaume waliosimama mmoja juu ya mwingine ukutani, kila mmoja kwenye kidato chake, wakipitishiana ndoo. Hawapitishi kimya. Wanaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na kila ndoo inapopanda kuna mtu anaongeza neno lake, anasifu ngamia wake, anamchokoza mwenzake, kisha anaachia. Lakini anayewashika wote ni yule wa chini kabisa. Yeye amesimama ndani ya maji, anajaza ndoo. Huwezi kumwona. Sauti yake inakuja nzito kutoka shimoni, inarudia kitu kile kile, na wote wa juu wanatembea juu ya sauti yake. Akichoka yeye, wimbo mzima unalegea na ngamia wanajua. Sisi wasichana tulikuwa tunakaa kwenye mabirika ya kunyweshea na tunajua kwa kusikia tu leo chini yuko nani.

Kwa hiyo nilipoisikiliza mara ya pili niliacha tarumbeta na makelele yake. Nikatega sikio chini. Na alikuwepo. Kitu kizito, cha nyuzi, kinatembea taratibu, hakijionyeshi. Nikamtambua kama mtu ninayemfahamu.

"Huyu wa chini ni nani?" nikauliza.

"Wa chini?"

Nikamweleza visima kama nilivyoeleza hapa. Alikuwa amemweka mtoto begani anampapasa mgongo. Mkono ukasimama.

"Hiyo inaitwa besi, Mama."

"Nasikia pia sahani. Na mtu anakohoa. Hii wamepigia wapi?"

"Hotelini Kisumu. Nilirekodi mwenyewe, kwa simu hii."

"Basi wewe ulikuwepo. Huyu wa chini ulimwona. Ndiye anayewabeba wengine wote, na wao hata hawajui."

Mtoto akacheua begani mwake na hakumfuta.

"Ni baba," akasema.

Nilijua baba yake amefariki. Alifariki kabla ya harusi, mwaka ule ule. Nilichokuwa najua juu yake ni kwamba alikuwa fundi wa baiskeli Mumias, mtu mpole, mwenye swala tano. Hakuna aliyeniambia kwamba Jumamosi alikuwa anafunga kibanda chake, ananawa grisi, anapanda gari kwenda Kisumu na besi kubwa kuliko yeye. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Na mimi nilikuwa nimemweka yule marehemu chini ya mashuka yangu siku nne.

Sijui kuomba msamaha vizuri. Wengine wana maneno ya hilo, mimi sina. Nilisema, "Simu hii isitoke tena mkononi mwako, mtu yeyote asikudanganye." Nikaenda jikoni nikamkaangia nyirinyiri, nyama kavu ya kwenye samli, nikaikata vipande vidogo sana kama ya mgonjwa. Nilipomletea alikuwa ameiwasha tena, bila nyaya, na mtoto ananyonya. Alikula yote. Kesho yake maziwa yalirudi. Wenye elimu watasema ni nyama. Sawa.

Baada ya hapo tukawa na saa yetu. Baada ya alasiri, kazi zimeisha, jua limelegea kidogo juu ya mabati, naingia na chai. Simu tunaiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Niliweka masharti, maana nyumba isiyo na masharti ni uwanja. Kabla ya adhana ya magharibi simu inazimwa, hata kama saksafoni iko katikati ya neno. Alhamisi jioni na Ijumaa hakuna. Na mtu akija kusoma dua, sufuria inarudi jikoni. Najua masheikh wanasema nini kuhusu muziki, nimewasikia maisha yangu yote na sibishani nao. Siku nitakapoulizwa juu ya nyumba yangu nitajibu mwenyewe.

Alikuwa na vitu vingi kwenye simu ile. Rekodi za zamani zinazokwaruza kama mtu anafagia nje. Maonyesho ya video, watu wamekaa kwenye taa, wakipiga. Video zilinisaidia. Niliona wanavyotazamana. Mmoja akitaka kumpa mwenzake zamu anainua nyusi tu. Niliona mama mtu mzima, mvi zimejaa, anapiga piano na miguu iko peku. Niliona mpiga ngoma nikamwuliza binti, "Huyu ni mwanamume?"

"Ndiyo, Mama."

"Ngoma anapiga mwanamume?" Kwetu ngoma ya harusi ni ya wanawake, sisi ndio tunaoipiga na kutunga mashairi yake. "Hakuna dada wa kumsaidia?"

Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema nisimchekeshe, mshono unavuta.

Halafu kulikuwa na podkasti. Alinieleza kwamba ni kama redio, ila unaifungua wakati wako na inakusubiri. Hii ilikuwa ya Kiswahili. Mwanamume mmoja anakaa nyumbani kwake, sijui wapi, anacheza rekodi ya jazi na kueleza imetoka wapi, nani yumo, kwa nini pale katikati wamefanya vile. Anaanza na salamu, "Asalaam aleikum wasikilizaji," na mimi nikajibu, waaleikum salaam. Binti akaniangalia.

"Mama, hakusikii."

"Salamu ni faradhi kujibiwa. Kama hasikii ni shauri lake."

Kila siku nilimjibu. Yule mtu anapenda sauti yake mwenyewe, kabla ya kucheza wimbo atakuambia habari ya mvua iliyonyesha kwake na paka wake. Lakini alinifunza jambo moja. Alisema rekodi isikilizwe mara mbili, mara ya kwanza ukimfuata anayesema, mara ya pili ukimfuata anayenyamaza. Niliona huyu naye angejua kukaa kwenye birika la kisimani.

Jirani yangu alitukuta siku ya thelathini. Hakubisha hodi, hajawahi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ya Rabi! Nyumba ya mzazi imekuwa hoteli."

"Ingia au toka," nikamwambia. "Unapitisha upepo."

"Abaayo, wewe? Wewe uliyemfukuza kijana wa kaseti kwenye harusi ya mdogo wako?"

"Kijana yule alikuwa na wimbo mmoja. Kaa."

"Siwezi kukaa, hii ni haramu."

"Chai nayo ni haramu? Ina iliki."

Akakaa kwa ajili ya chai. Akaniambia mengi, na mimi nikamwachia, kwa sababu piano ilikuwa inaanza. Wimbo ulipofika kwenye tarumbeta alisema huyo mtu anaumwa meno. Binti akacheka, nami pia. Akakaa bilauri tatu. Alipoondoka akasema kwa Kisomali, akidhani msichana hasikii, "Mtoto mzuri. Usimpoteze huyu." Kumbe Kisomali cha nyanya kilikuwa kimekua. Niliona binti amenyanyua macho, kisha akayashusha kwa mtoto.

Hapo ndipo ningemwomba arudi. Nilikuwa na siku kumi. Kila alasiri nilikuwa nakaa kwenye kigoda changu, neno liko mdomoni, na kila alasiri nikauliza nani anapiga saksafoni. Nilikuwa naogopa. Wa Takaba nilimwomba. Nilimshika mkono siku ile ya arobaini nikamwambia, usikawie, na alikawia maisha yake yote. Nikajiambia safari hii sitamwomba mtu, anayetaka kurudi atarudi.

Siku ya arobaini ilifika. Mwanangu alipata siku nne kutoka kwenye lori, akaja kuwasindikiza. Nilimkata mtoto kucha, nikamkanda kwa mafuta ya simsim, nikampaka wanja. Nikamfungia mama yake nyirinyiri kwenye kopo na anjera, mikate yetu laini, za njiani. Sanduku lilikuwa kubwa. Nililiangalia sanduku lile, nikaona hata viatu vya shule vimeingia. Kabla ya kutoka alichukua simu yangu akakaa nayo kidogo, akanionyesha picha ndogo yenye kipaza sauti.

"Hapa ndipo podkasti. Ukibonyeza hapa tu. Hii ya juu ndiyo mpya."

"Nitaona."

"Na hapa ukitaka kunitumia sauti. Unashika, unasema, unaachia."

"Nenda, basi litakuacha."

Huo ndio ulikuwa wosia wangu. Nilirudi ndani nikafagia chumba kilichokuwa safi.

Wiki ya kwanza sikugusa kitu. Wiki ya pili, baada ya alasiri, mikono yangu ilitengeneza chai bilauri mbili. Nikanywa zote mbili kwa hasira, nikatoa sufuria, nikaweka simu, nikabonyeza. Nikaangukia kipindi cha katikati, nikatoka, nikaingia tena, mara wakatokea watu wa mpira, mara tangazo la sabuni. Mwishowe nikampata mtu wangu na paka wake. Nikamjibu salamu. Siku hiyo alisema tunakwenda Addis Ababa.

Sikujua kwamba huko kuna jazi. Saksafoni ikaanza, na nikainuka kwenye kigoda. Ilikuwa inaimba kama watu wetu. Sauti zile zile za kupanda kwa kuruka na kushuka kwa kuvuta, kama mama yangu akiimba huku anakamua asubuhi, kama wazee kwenye redio ya zamani. Watu wa chini walikuwa wa jazi, na wa juu walikuwa wa nyumbani. Niliisikiliza mara mbili kama nilivyofunzwa, kisha mara ya tatu. Nikageuka kumwambia mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Nikashika, nikasema, nikaachia. "Binti, kuna wa Addis Ababa. Msikilize. Ni wa juu kwenye orodha. Wa chini yuko sawa, hachoki. Msalimie mama yako." Akanijibu jioni ile, asante Mama, nitamsikiliza, mtoto ameanza kucheka. Nikasikia huyo mtoto nyuma. Basi. Hakusema atarudi lini na mimi sikuuliza.

Zilipobaki siku sita shule ifunguliwe, jirani alikuja akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikasema sijasikia. Yeye, ambaye hanyamazi, akanyamaza. Akanioshea vyombo vyangu bila kuombwa. Nilipoona hivyo nikajua tayari ananipa pole ya msiba.

Nilimwambia aende nyumbani. Nikakaa na simu. Nilirekodi mara nne. Ya kwanza nilizungumza habari ya saksafoni. Ya pili, bei ya mbuzi. Ya tatu nilisema mwanangu anamhitaji mke wake, nikajisikia mwongo, maana mwanangu mwenyewe hakai nyumbani. Zote nikafuta. Ya nne nilisema hivi:

"Ni mimi. Rudi. Sisemi kwa sababu ya mtoto, ingawa mtoto namtaka. Nasema wewe. Nilikosea kukunyang'anya simu, na nilikosea kungoja mpaka leo kukwambia. Kama utaamua kukaa huko, kaa, wewe ni mtu mzima na una kazi yako. Lakini usiseme hukuombwa. Nimekuomba."

Nikaachia kidole.  Nikaswali magharibi. Niliporudi simu ilikuwa inawaka, sauti yake imefika.

"Mama," akasema. Alikuwa anatembea, nilisikia viatu. "Nimekusikia. Nimekusikia mara tatu. Nilikuwa na barua ya uhamisho hapa, nimeijaza jina tu. Mama yangu ameifanya ya kuwashia jiko. Sikiliza. Mtoto ana chanjo Jumatano, kwa hiyo tutatoka Alhamisi, Ijumaa tuko kwako. Samli kwenye wali wangu upunguze, sina mshono tena, nitakuwa kama gunia. Na huyo wa Addis sijampata. Wewe ndiye utanitafutia."

Walifika Ijumaa alasiri, na kwa sababu ya sharti langu hatukufungua kitu siku hiyo. Jumamosi alirudi kutoka sokoni na nyanya, mtoto mgongoni, akakaa kitandani akavua viatu. Mimi nikatoa simu yangu. Nilimwonyesha mahali pa kubonyeza, nikambonyezea, nikamwambia asizungumze mpaka mara ya pili. Dakika haijafika akasema, "Mama, huyu wa saksafoni anachelewa kuingia."

"Hachelewi," nikamwambia. "Anawangoja wenzake wajipange. Nyamaza usikilize."